Kipimo cha Kilevi Kwenye Damu Kinapoleta Ubishi: Dalili, Chanzo na Tiba

Mwongozo huu unahusu kipimo kimoja tu cha maabara ya jinai: kupima ethanoli, yaani kilevi cha pombe, kwenye damu ya dereva au ya marehemu kwa kromatografia ya gesi, kwa kuvuta mvuke unaotanda juu ya sampuli. Namba inayotoka hapo ndiyo mara nyingi hubeba kesi nzima, na kikomo cha kisheria kiko karibu kiasi kwamba tofauti ya miligramu tatu kwa mililita 100 za damu inaweza kumtia mtu hatiani au kumwachia.

Mpangilio unaotumika ni huu. Mikrolita 100 za damu huchanganywa na mikrolita 1,000 za maji yenye propanoli ya kiasi kinachojulikana, ndani ya kichupa cha mililita 10 au 20. Kifuniko cha alumini chenye mpira hubanwa kwa koleo lake. Kichupa hupashwa joto la nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 10 hadi 20, kisha mvuke huvutwa na kugawanywa kwenye kolamu mbili (mirija myembamba inayotenganisha kemikali) zenye tabia tofauti, kila moja na kitambuzi chake cha mwali. Jibu hutokana na uwiano: eneo la kilele cha ethanoli kwenye grafu kugawanya kwa eneo la kilele cha propanoli. Propanoli hiyo tutaiita kilinganishi cha ndani.

Maneno matatu yatajirudia, na si vizuri kuyachanganya. Mtawanyiko ni kule namba kurukaruka huku na huku unaporudia kipimo kilekile. Upogo ni namba kuegemea upande mmoja kila siku, hata kama hazitawanyiki. Shaka ya kipimo ni upana ambao thamani ya kweli inaweza kuwamo baada ya upogo unaojulikana kuondolewa na mashine kufanya kazi ipasavyo. Shaka haikuwekwa iwe dampo la hitilafu. Kichupa kilichovuja hakitibiwi kwa kuandika "jumlisha au kutoa asilimia 10".

Kabla ya yote, tazama eneo la propanoli

Kila kichupa kiliwekewa propanoli kutoka chupa moja, kwa hiyo kilele chake kinapaswa kuwa na eneo karibu sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Chora maeneo hayo kwa mpangilio wa vichupa na uweke mpaka, kwa mfano asilimia 15 kutoka wastani wa sampuli za kalibresheni, zile zenye ethanoli ya kiasi kinachojulikana ambazo mashine husomea. Mchoro huu unachukua dakika mbili na unaeleza mengi.

Kichupa kimoja kikiwa na propanoli ndogo na ethanoli ndogo kwa pamoja, mvuke umepotea: kifuniko hakikubanwa vizuri, mpira umetoboka, au sindano imeziba. Shika kifuniko kwa vidole viwili ukizungushe. Kikizunguka, koleo limelegea. Uwiano unaweza kuwa bado karibu na ukweli, lakini usiutumie. Andaa kichupa kipya.

Propanoli ikishuka taratibu kichupa baada ya kichupa, tatizo liko kwenye mashine: mpira wa sindano umechoka, gesi ya kubeba inapungua shinikizo, au hidrojeni ya mwali haitoshi.

Propanoli ikiwa ndogo kwenye vichupa vya mwanzo tu, mtuhumiwa wa kwanza ni dailuta, ile mashine inayonyonya damu na kuisukuma nje pamoja na maji ya propanoli. Baada ya kuoshwa kwa maji matupu, mirija yake hubaki na maji, na vichupa vya kwanza hupata propanoli iliyozimuliwa. Ubaya wake ni kwamba vichupa vya kwanza huwa ndivyo vya kalibresheni. Uwiano wao unapanda bila sababu, mstari wa kalibresheni unakuwa mkali mno, na damu zote zinazofuata zinasoma chini. Sukuma propanoli kwenye mirija mara 10 na umwage kabla ya kuanza.

Propanoli ikiwa kubwa kwenye sampuli moja, na damu hiyo ni ya maiti, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya marehemu hapo chini.

Sasa jambo ambalo hata wazoefu hulipita. Watu husema kilinganishi cha ndani kinasahihisha kila kitu. Hakisahihishi ujazo. Mvuke hufuata ukali wa mmumunyo, siyo wingi wake, na propanoli imo ndani ya maji yaleyale ya kuzimulia. Tuseme dailuta imetoa mikrolita 950 badala ya 1,000. Ukali wa propanoli kichupani unabaki karibu palepale, unapungua nusu asilimia tu. Ukali wa ethanoli unapanda karibu asilimia 5. Dereva wa miligramu 78 kwa mililita 100 anasomeka 82, na mchoro wako wa propanoli unatulia kama maji ya mtungini. Vivyo hivyo bonge la damu likizuia mikrolita 10 kati ya 100: ethanoli inashuka asilimia 9 na propanoli haionyeshi chochote.

Kwa hiyo ujazo hukaguliwa kwa njia nyingine mbili: kurudia kipimo kwa kunyonya damu upya, na mizani.

Marudio mawili hayakubaliani

Mfano: kichupa cha kwanza 82.1, cha pili 87.6. Wastani ni 84.85, tofauti ni 5.5, yaani asilimia 6.5 ya wastani. Kama utaratibu wa maabara unaruhusu asilimia 5, jozi hii imeanguka. Usichukue wastani, na usichague ile namba "inayoonekana sahihi". Rudia vichupa vyote viwili kutoka kwenye bomba la damu, na uhifadhi kumbukumbu za jozi iliyoanguka. Wakili akiziomba, ziwepo.

Chanzo cha kwanza ni damu kutokuchanganywa. Bomba lililosimama usiku kucha kwenye jokofu hujitenga: seli chini, maji ya damu juu. Maji ya damu yana ethanoli zaidi ya damu nzima kwa takribani asilimia 15, kwa kuwa ethanoli hukaa penye maji na seli zina maji machache. Anayenyonya juujuu anapata 92 mahali penye 80. Acha bomba lifikie joto la chumba, kisha lipindue taratibu juu chini angalau mara 10, au liweke kwenye kizungushio. Kutikisa kwa nguvu kunaleta povu, na povu ni hewa ndani ya pipeti, kile kifaa cha kunyonya damu kwa kipimo.

Chanzo cha pili ni mabonge. Chovya kijiti cha mbao kwenye bomba. Kikitoka na uzi, damu imeganda. Isage kwa kisagio cha maabara, ipime, na uandike kwenye ripoti kwamba sampuli ilikuwa imeganda.

Chanzo cha tatu ni pipeti yenyewe. Pipeti ya kawaida ya mto wa hewa imetengenezwa kwa maji. Damu ni nzito, hunata ndani ya ncha, na sehemu yake hubaki. Hapo unapata mtawanyiko na upogo wa kwenda chini kwa pamoja, na upogo huo hutauona kwenye sampuli za udhibiti (zenye jibu linalojulikana, za kukagua kazi) zilizotengenezwa kwa maji, maana maji hayanati. Tumia dailuta au pipeti yenye pistoni inayogusa kimiminika, pangusa nje ya ncha kila mara, na uwe na angalau sampuli moja ya udhibiti iliyotengenezwa kwa damu.

Ili kuikagua dailuta, weka kichupa kwenye mizani inayosoma miligramu 0.1, toa maji yaliyosafishwa mara 10, andika uzito wa kila tone, kisha tafuta wastani na mtawanyiko. Angalizo kwa vyumba vya pwani ambavyo kiyoyozi chake kina mgomo: mililita moja ya maji haipimi gramu moja kamili. Ukijumlisha pia athari ya hewa inayoinua, uzito wa miligramu huzidishwa kwa 1.0029 kwenye nyuzi 20 na kwa 1.0054 kwenye nyuzi 30 ili kupata mikrolita. Mikrolita 1,000 kamili kwenye nyuzi 30 zitasoma takriban miligramu 994.6. Kuna mafundi waliokwisha kuirekebisha pipeti nzima kwa sababu hiyo tu.

Marudio yanakubaliana vizuri, lakini sampuli za udhibiti zimeegemea upande mmoja

Hii ndiyo dalili ya hatari zaidi, kwa sababu inapendeza macho. Jozi zote ziko ndani ya asilimia 1, na mpimaji anajisikia salama. Ukweli ni kwamba vichupa viwili vilivyopimwa saa ileile, kwa kalibresheni ileile na dailuta ileile, vitakubaliana hata vikiwa vimekosea pamoja.

Chora chati ya udhibiti: mstari wa katikati, mistari ya tahadhari kwa mikengeuko sanifu 2, mistari ya kusimamisha kazi kwa mikengeuko 3. Namba moja nje ya mstari wa 3 inasimamisha kazi. Namba nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa katikati nazo zinataka kuchunguzwa, hata kama hakuna iliyogusa mstari wa tahadhari.

Kisha linganisha ngazi za chini, kati na juu, maana umbo la upogo linataja chanzo.

Ngazi zote zikipanda kwa asilimia ileile (20 inasoma 20.6, 80 inasoma 82.4, 200 inasoma 206), kosa liko kwenye mwinamo wa kalibresheni. Mara nyingi chupa ya kiwango cha kalibresheni imefunguliwa muda mrefu na ethanoli imetoroka: kiwango kimedhoofika, programu bado inakiamini, na sampuli zote zinasoma juu. Fungua ampuli mpya. Kisha pima kiwango kutoka kwa mtengenezaji mwingine kama sampuli ya kawaida. Kama viwango vya kalibresheni na vya udhibiti vyote vimetoka kwenye chupa moja ya mama, udhibiti huo unajikagua wenyewe kwenye kioo.

Ngazi zote zikipanda kwa kiasi kilekile (20 inasoma 22, 200 inasoma 202), kuna ethanoli ya nje inayoongezeka kila kichupani, au programu inakata kilele vibaya chini kwenye mstari wa msingi. Soma sehemu inayofuata.

Ngazi ya chini pekee ikiyumba, hesabu ya mstari imebebwa na namba kubwa. Kalibresheni ya kuanzia 10 hadi 400 bila uzani huacha pointi ya 400 ivute mstari, na 10 inabaki yatima. Tumia uzani wa 1/x, unaopunguza nguvu ya namba kubwa, au gawanya masafa.

Ngazi ya juu pekee ikisoma chini, umevuka masafa ya mstari. Zimua damu na upime tena. Usirefushe mstari kwa kukisia.

Upogo mdogo unaweza pia kujificha kwenye majaribio ya umahiri baina ya maabara. Alama ya z, inayoonyesha jibu lako liko mbali kiasi gani na lililokubaliwa, ikiwa kati ya −2 na +2 inahesabika kuwa nzuri. Maabara inayopata +1.2, +1.4, +1.1, +1.3 imefaulu kila raundi, na bado ina upogo. Mamlaka ya ithibati huenda isiseme kitu, ila chati itasema.

Kuna ethanoli kwenye sampuli tupu

Andaa vichupa vitatu: kimoja kitupu chenye hewa ya chumba tu, cha pili chenye maji tu, cha tatu chenye maji na propanoli. Kilele kikionekana tangu cha kwanza, ni hewa ya chumba au masalia kwenye sindano. Kikianza kwenye cha pili, ni maji. Kikianza kwenye cha tatu, ni propanoli yenyewe, ambayo daraja lake la usafi halikutosha.

Hewa ya chumba huchafuliwa na vitu vya kawaida kabisa: kitakasa mikono, spiriti ya kufutia meza, au mwenzako wa benchi la pili anayekausha vyombo kwa asetoni. Pale vichupa vinapofungwa pasiwe na vitu hivyo.

Masalia hujulikana kwa mpangilio: weka sampuli tupu mara baada ya kalibresheni ya juu kabisa, tuseme 400. Ikisoma 2, basi damu yoyote iliyopimwa baada ya mlevi wa 400 imebeba mzigo wa mwenzake. Ongeza muda wa kusafisha sindano kwa gesi, au pandisha joto la njia ya mvuke kidogo juu ya joto la kichupa ili mvuke usigande njiani.

Kolamu mbili zinatoa majibu tofauti

Kolamu ya kwanza 95, ya pili 84. Mvuke ni uleule, kwa hiyo ujazo, mabonge na vifuniko havihusiki. Kuna kitu kinatoka pamoja na ethanoli kwenye kolamu moja. Wa kuangaliwa ni methanoli, asetaldehidi, asetoni na isopropanoli. Asetoni huwa juu kwa mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, na mwili hubadili sehemu yake kuwa isopropanoli. Isopropanoli pia hutoka kwenye pamba ya kufutia ngozi, ndiyo maana anayetoa damu kwa ajili ya kesi atumie dawa isiyo na kilevi.

Methanoli haifai kuchukuliwa kama usumbufu wa grafu tu. Mei 2014 nchini Kenya, Embu na kaunti nyingine, watu wengi walikufa na wengine kupofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kwenye ukanda wetu, mchanganyiko wa kukagua utengano uwe na methanoli kila siku ya kazi, na kilele chake kikionekana kwenye damu ya mtu aliye hai, piga simu hospitali kabla ya kuandika ripoti.

Kama muda wa kutoka umehama kwenye kolamu zote mbili, na jana umeme ulikatika, huna haja ya kutafuta mbali. Tanuri ya kolamu ilipoa, mtiririko ukabadilika, pengine mwali ukazimika. Vichupa vilivyokuwa vinapashwa joto wakati huo vimekaa kwa muda usiojulikana, vitupe. Subiri mashine itulie, anza kalibresheni upya. Kuendelea na kalibresheni ya kabla ya umeme kukatika ni kujitafutia maswali.

Hospitali imesema 92, maabara imesema 80

Kabla hujamlaumu mtu, uliza maswali matatu.

Hospitali ilipima nini? Kwa kawaida ni maji ya damu, siyo damu nzima. 92 gawanya kwa 1.15 ni 80. Wote wawili wako sawa. Uwiano huo nao hubadilika mtu kwa mtu kulingana na wingi wa seli zake, kwa hiyo ukibadili namba ya hospitali kuwa ya damu nzima, shaka yake inapanuka. Ujerumani hutumia 1.236, lakini hiyo inabadili pia ujazo kuwa uzito, kwa kuwa sheria yao huhesabu gramu kwa kilo ya damu. Usiichukue namba hiyo ukaitumia kwa miligramu kwa mililita 100.

Kizio gani? Hospitali nyingi huandika milimoli kwa lita. Milimoli 1 kwa lita ni miligramu 4.607 kwa mililita 100, hivyo 20 ya hospitali ni 92.

Njia gani? Vipimo vya kimeng'enya vya hospitali vinaweza kudanganywa na laktati nyingi, kwa mfano kwa majeruhi aliyepoteza damu. Kromatografia haina udhaifu huo.

Damu ileile ikipimwa tena baada ya miezi, inasoma chini

Hii hutegemewa. Ethanoli hupungua kwenye bomba taratibu, hasa kwa kuoksidishwa na oksijeni iliyoshikwa na seli nyekundu, na kwa kila kufunguliwa kwa kizibo. Hewa nyingi juu ya damu na joto huongeza kasi. Sampuli iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka wilayani ikiwa nusu bomba haitakaa sawa na iliyojaa na kuwekwa kwenye nyuzi 4 siku hiyohiyo. Kupungua hakuonyeshi kwamba kipimo cha kwanza kilikosea.

Kupanda ndiko kunakotaka maelezo. Damu ya mtu aliye hai iliyowekwa kwenye bomba la kifuniko cha kijivu, lenye floridi ya sodiamu na oksaleti ya potasiamu, haitengenezi pombe kirahisi. Floridi ya miligramu 100 kwenye bomba la mililita 10 inatosha. Bila floridi, chachu ya Candida albicans ikiingia na sukari ipo, bomba linageuka kiwanda kidogo. Kwa hiyo andika rangi ya kifuniko, ujazo uliomo na tarehe ya kila kufunguliwa.

Wakili akidai kwamba floridi nyingi kwenye damu kidogo inasukuma ethanoli nje ya mmumunyo na kuongeza matokeo, mpe haki yake nusu. Chumvi kweli husukuma vilevi vyote viende kwenye mvuke. Lakini propanoli husukumwa zaidi ya ethanoli, kwa hiyo uwiano hushuka, siyo kupanda, na uzimuaji wa mara 11 unaifanya athari iwe ndogo sana.

Damu ya marehemu

Maiti iliyoanza kuharibika hutengeneza ethanoli, na huja na propanoli pia. Propanoli ya mwili ikijumlishwa na ya kwako, kilele cha kilinganishi kinakua na matokeo ya ethanoli yanashuka kwa uongo, huku ethanoli yenyewe ikiwa si ya kunywa. Makosa mawili yanavutana, na jibu la katikati halina maana. Pima tena ukitumia t-butanoli kama kilinganishi, kisha angalia kama propanoli ipo. Linganisha na ute wa ndani ya jicho, ambao hulindwa dhidi ya bakteria kwa muda mrefu zaidi. Ethanoli nyingi kwenye damu na sifuri kwenye jicho inaelekeza kwenye uozo. Damu itoke mshipa wa paja, siyo kifuani, ambako pombe ya tumboni hupenya.

Shaka ya kipimo uliyoihesabu kwa damu ya madereva haielezi hata kidogo mashaka haya. Usiibandike kwenye ripoti ya maiti kana kwamba imeyafunika.

Shaka imetoka ndogo mno, au kubwa mno

Chukua hesabu hii ya mfano. Mtawanyiko wa sampuli za udhibiti kwa mwaka mzima, wapimaji wote, ni asilimia 1.4. Cheti cha kiwango rejea (mmumunyo wa ethanoli uliothibitishwa) kinasema asilimia 0.6 kwa k = 2, k ikiwa namba ambayo shaka huzidishwa nayo ili kupanua uhakika, kwa hiyo unachukua 0.3. Cheti cha dailuta kinasema haizidi asilimia 0.8 kila upande. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, unapata 0.46. Shaka ya kukadiria upogo ni 0.7. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: 1.96 + 0.09 + 0.21 + 0.49 ni 2.75, na kipeuo chake ni 1.66. Kwa k = 2, ambayo ni takriban asilimia 95 ya uhakika, shaka ni asilimia 3.3. Kwa k = 3 ni asilimia 5.0.

Ikitoka ndogo isivyo kawaida, tuseme asilimia 0.8, kagua mambo haya. Mtawanyiko ulitokana na vichupa 10 vya asubuhi moja? Hiyo ni tabia ya asubuhi hiyo, siyo ya maabara. Namba zilizovuka mistari zilifutwa bila sababu iliyoandikwa? Umegawanya mtawanyiko wa mwaka kwa kipeuo cha pili cha 2 kwa kuwa unaripoti wastani wa vichupa viwili? Kugawanya hivyo kunahusu sehemu inayobadilika ndani ya mzunguko mmoja tu. Kuyumba kwa kalibresheni kati ya siku na siku hakupungui kwa kuongeza kichupa cha pili.

Ikitoka kubwa isivyo kawaida, huenda hukugawanya namba ya cheti kwa k yake, ulijumlisha asilimia moja kwa moja bila kuzidisha kila moja kwa yenyewe, au ulihesabu kitu mara mbili. Mtawanyiko wa dailuta tayari umo kwenye chati ya mwaka. Kinachoongezwa kutoka kwenye cheti ni ile egemeo ya kudumu ambayo chati haiwezi kuiona.

Na kama imetoka kubwa kwa haki, iache. Kupunguza kunahitaji kazi kwenye sehemu iliyo kubwa kuliko zote, hapa ile 1.4. Kununua kiwango rejea cha bei mbaya chenye 0.1 badala ya 0.3 kutabadili jumla kwa tarakimu ambayo hata haitaandikwa.

Matokeo yako juu kidogo ya kikomo

Kikomo kiwe miligramu 80 kwa mililita 100, kama England na Wales tangu 1967. Kwa hesabu ya hapo juu, damu iliyosoma 83 ina shaka ya 2.7 kwa k = 2: ukingo wa chini ni 80.3, umepita. Kwa k = 3 shaka ni 4.1, ukingo ni 78.9, haujapita. Mtu yuleyule, damu ileile. Kwa hiyo k huchaguliwa na kuandikwa kwenye utaratibu kabla ya sampuli kufika, kamwe siyo baada ya kuona namba.

Nchi zimetatua jambo hili kwa njia zao. Maabara za England na Wales hupunguza miligramu 6 kwa matokeo ya hadi 100, na asilimia 6 kwa yaliyozidi, kisha huandika "si chini ya". Aliyesoma 86 anabaki na 80 na hashtakiwi kwa kuzidi kikomo. Wa 87 anabaki na 81. Ujerumani, Mahakama Kuu ya Shirikisho mwaka 1990 iliweka kutoweza kabisa kuendesha gari kwenye gramu 1.1 kwa kilo: 1.0 ya sayansi na 0.1 ya usalama wa kipimo, ikiwa imeshaingizwa ndani ya kikomo. Ukipunguza tena hapo, umepunguza mara mbili. Soma sheria ya nchi yako kujua iwapo kikomo tayari kimebeba shaka au la.

Kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO/IEC 17025 ya 2017, kinataka shaka iandikwe pale inapoweza kugusa uamuzi wa kupita au kutopita kikomo, na ripoti ya 2009 ya baraza la utafiti la akademia za taifa za Marekani kuhusu sayansi ya jinai ilisisitiza hilohilo. Sentensi ya ripoti iwe fupi: "Ethanoli kwenye damu nzima: miligramu 83 kwa mililita 100, shaka jumlisha au kutoa 3, k = 2, kiwango cha uhakika takriban asilimia 95." Usiandike 83.27 ± 2.7, tarakimu za mwisho za jibu na za shaka ziishie mahali pamoja. Ukikata desimali kwa kushusha, shusha jibu. Shaka ipandishwe: 2.7 inakuwa 3, na hata 2.2 inakuwa 3.

Hakimu akiuliza, "Je, inawezekana alikuwa chini ya 80?", jibu la ripoti hiyo ni "Ndiyo, inawezekana", likifuatiwa na upana wa kuanzia 80 hadi 86 na maana ya asilimia 95. Mpimaji anayejibu "Haiwezekani" ataulizwa mstari wa pili wa ripoti yake mwenyewe.